Daftari la Michezo Niliyopoteza

Vijana, nimewaona mkicheza sataranji. Mchezo ukiisha mnanyanyua simu, simu inawaambia kosa lilikuwa hatua ya kumi na nane, mnasema "ah, kumbe," mnapanga kete upya. Muda wote huo hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza alikuwa anafikiri nini alipoifanya hatua hiyo. Simu haiwezi kuwaambia hilo, kwa sababu haikuwemo kichwani mwenu.

Siwalaumu. Ningekuwa na simu ya namna hiyo enzi zangu, na mimi ningeitumia vivyo hivyo, na leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Jina langu ni Mwanamisi, ingawa wengi mnanijua kwa jina la Mama Saumu. Kwa miaka ishirini na mitatu nilifanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni pale Diani. Sikuwa mwalimu wa sataranji. Nilikuwa mtoa taulo. Meza yangu ilikuwa kando ya bwawa la kuogelea, chini ya kibanda cha makuti, ubavuni mwa baa. Mgeni anakuja na kadi, namkabidhi taulo. Anarudisha taulo, namrudishia kadi. Nyuma yangu palikuwa na kabati la michezo: vishale, karata, mpira wa wavu, na sataranji seti mbili. Seti moja ilikuwa imepoteza farasi mweusi, na mahali pake tuliweka kifuniko cha chupa ya mafuta ya jua. Wageni waliizoea. Yuko mmoja aliyekataa kukila kifuniko kile mchezo mzima, akisema anakionea huruma.

Nilijifunza kucheza kwa kuangalia. Msimamizi wangu alipoona najua kusogeza kete, alinipa amri moja tu: "Mama Saumu, mgeni akikosa wa kucheza naye, cheza. Ukiona unashinda, kumbuka kwamba yeye yuko likizo." Basi nilikuwa nacheza, nashinda mara moja moja pale ambapo mgeni alionekana atavumilia, na nikajiona fundi. Sikuzingatia kwamba wapinzani wangu wengi walikuwa wamekula mchana mzito, wamekunywa, na wamechomwa na jua.

Aliyenitoa katika ndoto hiyo ni Bwana Wekesa, fundi wa majokofu wa hoteli. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mkimya, shati la kazi amelifunga hadi kifungo cha juu hata jua likiwa la utosi. Siku hiyo alikuja kurekebisha mashine ya barafu pale baa. Akamaliza, akabaki amesimama na begi lake la vifaa, akitazama nikimfunga mfalme wa mgeni mmoja. Mgeni akanipa mkono, akajitupa majini.

"Umeshinda," Fundi akasema.

"Nimeshinda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimemfunga mfalme."

"Hiyo ni namna ulivyoshinda. Mimi nimeuliza kwa nini."

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, na hapa mtu ananiuliza maswali ya mtihani. Lakini mapumziko ya mchana yaliyofuata, nilipomaliza kuswali adhuhuri, nilimkuta nyuma ya dobi, chumba cha kufulia, ameweka ubao juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Tulicheza. Akanipiga. Tukacheza kesho yake, akanipiga. Wiki nzima akanipiga, na kila baada ya kunipiga aliniambia neno lile lile: "Haya, nionyeshe ulipoharibika."

Nami kila mara nilimwonyesha mahali mfalme wangu alipofia. Yeye anatikisa kichwa.

"Mama Saumu, jokofu likisimama Ijumaa, mtu ananiambia, Fundi, limeharibika Ijumaa. Halikuharibika Ijumaa. Ijumaa lilikata tamaa. Kazi yangu mimi ni kutafuta siku ya mwisho lilipokuwa zima, halafu niangalie ni kitu gani kilifuata. Sasa rudisha kete mpaka mahali ulipokuwa mzima."

Nikajaribu. Nikarudisha hatua mbili, tatu, kisha nikakwama. Sikukumbuka. Yeye alikuwa anakumbuka yote, ana kichwa cha namna hiyo, lakini alikataa kunionyesha.

"Mashine yako huijui mwenyewe, mimi nitaitengenezaje?" akasema. "Tafuta daftari."

Ndivyo daftari lilivyoanza. Nilichukua lile la miraba la watoto wa shule. Kila mraba wa ubao una herufi na namba yake, mnajua. Wiki moja ilinitosha kuzizoea. Safu ya kwanza niliandika hatua za nyeupe, ya pili za nyeusi. Ukurasa ukabaki na nafasi upande wa kulia, nami nikaifanya safu ya tatu, ambayo Fundi hakuniambia. Humo niliandika lolote lililokuwa likitokea. Mgeni kaomba taulo, nimekatizwa. Njaa. Nimeogopa, sijui kwa nini. Mpinzani anapiga miluzi. Nilidhani ni upuuzi, ila nafasi ilikuwepo na kalamu ilikuwa mkononi.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, chai ikiwa jikoni na kabla sijatoka Msambweni kwenda kazini, nilipanga kete juu ya sinia na kuupitia mchezo wa jana. Na hapa ningependa mnisikilize, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Msisome tu hatua zikipita. Funikeni ukurasa kwa mkono, mwone mpaka hatua mliyofikia, kisha jiulizeni: ningekuwa nacheza sasa hivi, bila haraka, ningefanya nini? Mkishajibu ndipo mfungue muone mlifanya nini siku ile. Mara nyingi mtagundua kwamba mlijua la kufanya. Mlijua kabisa. Kitu fulani kikawazuia, na kitu hicho ndicho mnachokitafuta.

Changu kilinichukua kama miezi miwili kukiona. Nilikuwa nasoma safu ile ya tatu, si hatua zenyewe, nikaona neno moja limejirudia ukurasa baada ya ukurasa: nikamjibu. Kasogeza farasi, nikamjibu. Kaleta askofu, nikamjibu. Kila mpinzani aliponyanyua kete kuelekea upande wangu, mimi nilikimbia kuondoa kitu, kuziba kitu, hata pale ambapo hapakuwa na hatari yoyote. Askari wake mmoja anasogea hatua moja pembeni, malkia wangu anarudi nyumbani.

Nilimwonyesha Fundi. Alisoma kurasa zile zote, kisha akanitazama.

"Unafanya kazi gani hapa hotelini?"

"Si unajua? Natoa taulo."

"Mgeni akiinua mkono?"

"Nasimama."

"Basi ndivyo. Unamhudumia mpinzani."

Sikucheka wakati ule. Nilikwenda msalani nikanawa uso. Mtu akikwambia jambo la kweli kuhusu wewe, na ushahidi ni mwandiko wako mwenyewe, huna pa kulipeleka. Baadaye nilijizoeza kukaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, viganja chini ya mapaja, mpinzani akisogeza kete. Nahesabu hadi kumi, najiuliza: amenitisha, au ametembea tu? Wageni walidhani ni desturi ya kwetu. Mmoja alinipiga picha.

Na michezo mliyoshinda msiiache. Fundi alinilazimisha kuupitia ule mchezo ambao nilimfunga mgeni mbele yake, kwa kadiri tulivyoweza kuukumbuka. Mara tatu nilikuwa nimekwisha, mara tatu mgeni hakuona. Nilikuwa nimeusifia mchezo ule kwa watu.

Sasa niwaeleze aibu yangu ya kwanza, maana ile aibu ya pili haieleweki bila hiyo.

Alikuja kijana wa mapokezi kutoka Nairobi, Njoroge, mwepesi wa maneno na mwepesi wa vidole. Alicheza kwa kasi, akiongea. Tulipokaa mara ya kwanza alisema, "Mathe, hii game inataka kichwa, si taulo." Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuna aliyekuwa ameniita mathe, kama mama mzee. Hatua ya kumi na tano niliiacha ngome yangu wazi mbele ya askofu wake. Aliila huku akitafuna karanga.

Jioni ile nilipoandika mchezo, mkono haukutaka kuiandika hatua ile. Ngome niliipeleka kwingine kwenye karatasi, mahali pa maana zaidi, nikaandika kwamba iliuawa baadaye katika mapambano makali. Ukiusoma ungedhani nilishindwa kishujaa.

Fundi akauchukua mchezo ule, akaupanga kwenye ubao. Hatua ya kumi na tano akasimama.

"Hii ngome iko pembeni, na askari wako yuko mbele yake, hajasogea tangu mchezo uanze. Umeandika imekwenda mbele miraba minne. Imepita wapi?"

Nikamnyoosha askari vizuri katikati ya mraba wake.

"Imemruka askari?"

"Labda nimekosea kuandika."

Akalifunga daftari taratibu, akanirudishia.

"Mama Saumu, mimi nikiandika kwenye kadi ya mashine kwamba nimejaza gesi, na sikujaza, atakayekula samaki mbovu ni mgeni. Hapa atakayekula ni wewe mwenyewe. Andika upya."

Nikaandika upya, mbele yake, ngome ikiachwa wazi mbele ya askofu. Katika safu ya tatu nikaandika: nilikuwa nimekasirishwa na neno. Ilikuwa sentensi fupi lakini ilinichukua muda.

Ile ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, wageni walipopungua pwani nzima. Hotelini kwetu jengo zima la vyumba upande wa kusini lilifungwa, magodoro yakafunikwa plastiki. Siku nyingine nilikuwa nakunja taulo ambazo hakuna aliyezitumia, nazikunjua, nazikunja tena, ili nionekane nina kazi. Kila mfanyakazi alijua kwamba ofisini kuna orodha ya watakaopunguzwa inaandikwa, na kila mtu alitembea kwa adabu.

Katika wiki moja ya namna hiyo, Ijumaa asubuhi, mpishi alifungua friza ya baa ya bwawani akarudi nyuma ameshika pua. Kamba walikuwa wamevunda. Aiskrimu ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena, imelala upande mmoja wa ndoo. Ajabu ni kwamba friza yenyewe ilikuwa inafanya kazi vizuri, inanguruma, baridi tele. Na Jumatatu ya wiki ile ile Fundi Wekesa alikuwa ameifanyia huduma na kutia sahihi kwenye kadi yake.

Aliitwa. Akaikagua tangu juu hadi chini, gesi, kompresa, nyaya.

"Ilizimika kwa saa nyingi, halafu ikarudi," akasema. "Mashine haina ubaya."

"Umeme haukukatika," mpishi akamwambia. "Taa za baa ziliwaka siku nzima. Kama haina ubaya, imezimwa na nani? Na shetani?"

Fundi akaanza kuikagua upya. Alipewa barua ya kutakiwa ajieleze kwa maandishi. Katika siku za kawaida barua kama ile isingemwondoa mtu kazini. Siku zile, na orodha ile, wote tulijua inakoelekea.

Nilimwonea huruma, huruma ya kweli. Nilimpelekea chai. Mchana hatukucheza, alikaa na karatasi yake akiandika mstari na kuukata.

Jumamosi alfajiri nilipanga kete kwenye sinia kuupitia mchezo wa Alhamisi. Ulikuwa mchezo mzuri. Nilikuwa nimecheza na mzee mmoja Mholanzi, mtu mzito, mpole, mchezaji hasa, na nilikuwa nimeshinda bila kumhudumia. Nilifurahi kuurudia. Nikafika hatua ya tisa, na pembeni, katika safu ya tatu, nikasoma mwandiko wangu: Feni inavuma, mzee anaona raha.

Mkono ukabaki hewani na kete.

Nyuma ya kaunta ya baa palikuwa na soketi moja tu. Mzee alikuwa anatokwa jasho hadi linadondoka kwenye ubao. Nilikuwa nimetoa feni kabatini, nimeinama nyuma ya kaunta, nimechomoa plagi moja nene nikachomeka ile nyembamba ya feni. Niliuona mkono wangu ukifanya hivyo kama naangalia mkono wa mtu mwingine. Nilikusudia kuirudisha mchezo ukiisha. Mchezo ukaisha, mzee akaomba wa pili. Tukacheza wa pili. Saa kumi zamu yangu ikaisha, nikaenda zangu nikiwaza ule ushindi.

Kazini nilimfuata kijana wa baa, Salim.

"Salim, Alhamisi jioni ni wewe uliyerudisha feni kabatini?"

"Ni mimi. Nikakuta na plagi ya friza iko chini, nikaichomeka, nikadhani ni ya muda mfupi tu. Kwani kuna nini, Mama Saumu?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Nataka msiliruke neno hilo. Nilisema hakuna kitu, nikarudi mezani pangu nikakunja taulo. Siku ile ikapita. Jumapili nayo ikapita. Jumatatu Fundi alipita mbele ya meza yangu akanisalimu kama kawaida, nami nikaitikia kama kawaida. Nilikuwa mjane mwenye binti wa kidato cha pili na mama mzazi anayenitegemea. Nilijiambia kwamba Fundi ana ujuzi, atapata kazi kokote, na mimi nani ataniajiri kwa kukunja taulo? Nilijiambia pia kwamba labda watamwona hana hatia bila mimi kusema. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa nzuri.

Jumanne alfajiri nililifungua daftari tena ukurasa ule. Nilikuwa na kalamu. Nilikusudia kuukata ule mstari wa feni, ili hata ikitokea mtu akauliza, usiwepo. Nikaweka ncha ya kalamu juu ya herufi ya kwanza, nikakumbuka ngome iliyomruka askari. Kama ningeukata, mchezo ule usingekuwa tena mchezo wangu, na michezo yote iliyokuwa nyuma yake ningekuwa naisoma kwa mashaka. Nililifunga daftari, nikalitia kwenye mkoba, nikaenda moja kwa moja kwa meneja.

Alinyanyua macho. "Mama Saumu. Taulo zimekwisha?"

"La, Bwana Meneja. Friza niliizima mimi."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza, mzee, jasho, feni, soketi. Alinisikiliza, kisha akaegemea kiti.

"Fundi amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa."

"Una ushahidi gani? Kwa sababu nyinyi wawili nawajua, kila mchana mko nyuma ya dobi."

Nikamfungulia daftari. Akaliangalia muda mrefu, herufi na namba, herufi na namba, akaligeuza kama mtu aliyepewa kitabu juu chini.

"Hii ni nini?"

"Mchezo wa sataranji. Wa Alhamisi. Soma hapa pembeni."

Akasoma. Akamwita Salim, na Salim akaeleza habari ya plagi bila kujua anaulizwa kwa nini. Salim alipotoka, meneja alinirudishia daftari langu.

"Katika kazi hii nimepokea barua nyingi za kujieleza," akasema. "Hii ni ya kwanza yenye farasi ndani."

Hakucheka, nami sikucheka. Nilipewa barua ya onyo na kuhamishiwa dobi, mbali na wageni na mbali na kabati la michezo. Barua ya Fundi ilifutwa.

Nilimfuata Fundi mimi mwenyewe karakanani kwake, kabla hajasikia kwa watu.

"Fundi, nisamehe. Friza niliizima mimi. Nimekwisha kumwambia meneja."

Alikuwa anasafisha vumbi kwenye nyavu za mashine kwa brashi. Hakuacha.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Basi tuzungumze baadaye," akasema.

Baadaye ilikuwa zaidi ya wiki mbili. Alinipita bila kunitazama. Watu walidhani ni kwa sababu ya friza, wakaniambia nimweleze kwamba kila mtu hukosea. Mimi nilijua si friza. Kuchomoa plagi ni kosa kama kuacha ngome wazi. Zile siku tatu ndizo alizokuwa akizihesabu, na alikuwa na haki.

Siku moja mashine ya kukaushia mashuka ilikufa, akaitwa. Aliitengeneza kimya. Alipomaliza alifuta mikono, akavuta kikapu cha mashuka, akakaa juu yake mbele yangu.

"Jumamosi mpaka Jumanne," akasema, "ulikuwa unafikiri nini?"

Nikamwambia yote. Binti, mama, woga, zile sababu nzuri, kalamu juu ya mstari. Hata lile la kusema yeye atapata kazi kokote nikamwambia. Alinisikiliza namna alivyokuwa akisikiliza kompresa, kichwa kimeinama upande mmoja, akisubiri mlio utakaomwambia mahali. Nilipokwisha akainua kichwa.

"Sawa," akasema. "Sasa najua." Akatoa ubao kwenye begi la vifaa. "Cheza nyeupe."

Huko dobi nilikaa miaka yote iliyobaki. Kwa mchezo wangu palikuwa pazuri kuliko bwawani: hakuna anayeinua mkono, na mashine ikizunguka una muda wa kufikiri hatua moja mpaka uichoke. Niliendelea kuandika. Makosa yangu hayakwisha, yalibadilika tu, na hayo ndiyo maendeleo niliyoyajua mimi. Mchezaji anayefanya makosa yale yale miaka kumi hajacheza miaka kumi.

Orodha ilitoka. Jina langu halikuwemo, na mpaka leo sijui kwa nini. La Njoroge lilikuwemo. Alikuja dobi kuniaga, tukacheza mmoja, nikamshinda, kisha akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama Saumu," akasema, si mathe tena, "hebu nionyeshe nimeharibu wapi." Tulirudisha kete pamoja. Alikuwa na basi la kuwahi, lakini alikaa mpaka tukapaona.

Fundi yeye aliondoka kwa hiari yake. Alifungua karakana Ukunda, nyuma ya soko, akawa anatengeneza mafriza ya wauza samaki. Jumapili, akitoka kanisani, nilikuwa napitia kwake tunacheza. Wakati huo nilikuwa nimetoka sare naye mara kadhaa. Kumshinda sikuwahi, katika miaka yote ile.

Jumapili moja nilimshinda. Haukuwa mchezo wa ajabu. Alisogeza askofu wake ili nimdhanie anashambulia upande wa mfalme, akatarajia nitakimbilia kuziba. Sikukimbia. Nilikaa juu ya mikono, nikaona kwamba askofu yule ameacha mlango wazi nyuma yake, nikaupitia. Hatua kumi na moja baadaye alimlaza mfalme wake ubavu kwa kidole.

Nilisubiri aseme neno. Hakunipongeza. Akainuka kumhudumia mama mmoja aliyekuja kuchukua friza yake, akampakilia kwenye mkokoteni, akarudi, akakaa.

"Una kalamu?" akaniuliza.

Nikampa. Yeye hakuwa mtu wa kuandika michezo, kama nilivyowaambia, aliihifadhi kichwani. Akararua karatasi kwenye kitabu cha risiti, akaigeuza upande mweupe, akaanza kuandika, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa ule mwandiko wake wa herufi kubwa anaoandikia kadi za mashine. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye hatua ya askofu alisimama, akafikiri. Kisha akapiga mstari upande wa kulia wa karatasi, akafanya safu ya tatu, na ndani yake akaandika:

Nilidhani hataona.